Karatasi ya Kasereka Mwingine

Kimemi, Butembo, karakana, saa tisa alasiri

Masika mwanangu,

Wewe sasa uko Vulamba kwa shangazi yako unasukwa nywele, na najua hutarudi kabla jua halijazama, kwa sababu shangazi yako akisuka husimulia, na akisimulia vidole vyake husahau kazi. Mama yako yuko nyumbani anafunga mfuko wako kwa mara ya tatu. Mimi nimerudisha mlango wa karakana nusu ili wateja wadhani nimetoka, na nimeiweka karatasi hii juu ya mizani kubwa ya magunia, maana ndiyo meza pekee humu ndani isiyoyumba.

Habari za chandarua, maji ya kuchemsha na vijana wa Kisangani wenye maneno matamu hutazisikia kwangu. Mama yako amezisema wiki nzima, na zile alizoogopa utasahau ameziandika kwenye kikaratasi akakishonea ndani ya koti lako. Utakikuta, na tafadhali usimwambie kwamba huko ni joto na koti halivaliwi.

Mimi nina jambo moja tu. Jumapili iliyopita, sahani zikiwa bado mezani, ulisema hutaondoka mpaka upite uchunguzi wangu wa mwaka. Nikakwambia nafasi ya chuo cha Kisangani haikungojei. Ukakubali kwa shingo upande, ukaweka sharti mbele ya mama yako, na lakini yako ya Kifaransa: "Nitaenda, Papa. Mais ukinificha kitu hata moja, nitarudi na ndege ya kwanza."

Basi nakujulisha kwamba uchunguzi wa mwaka huu umeshafanyika. Nilikwenda Jumatano. Siku ile niliyosema naenda Beni kutengeneza mizani ya mnunuzi wa kakao, sikufika Beni. Nilitembea kwa miguu mpaka hospitali, nikameza kamera yao ya kuangalia tumbo, na kabla ya kurudi nyumbani nilipita karakana nikajipaka mafuta ya mashine mikononi ili nionekane mtu aliyetoka kazini. Jibu ninalo. Nakujua, macho yako yameshaanza kukimbia chini kutafuta tarakimu. Iko huko mwishoni, haiendi popote. Soma kwanza haya mengine, kwa sababu tarakimu bila haya itakudanganya.

Ulikuwa na miaka kumi na mitano tumbo lilipoanza kunichoma kila baada ya kula. Nilikunywa dawa za duka, nikanywa majani, nikaacha pilipili, na kwa mtu kama mimi kuacha pilipili ni ugonjwa mwingine. Mwisho nilikwenda kumeza kamera. Daktari, yule mama mrefu unayemfahamu, alinionyesha kwenye kioo ndani ya tumbo langu mwenyewe. Palikuwa pekundu na palilowa, na pembeni kulikuwa na kijiinuko laini, kama kidole kinachosukuma kitambaa kutoka nyuma.

"Papa Kasereka," akasema, "kuchomwa kwako iko gastrite tu, mwasho wa tumbo, dawa itamaliza. Mais kuko kauvimbe kamoja kadogo hapa. Haiko yulu ya ngozi ya ndani, iko chini yake, mu ukuta yenyewe ya tumbo. Milimita kenda."

"Kama kako, mukatoe."

"Juu ya nini tukupasue juu ya kitu yenye inalala? Batu mingi bako nayo na habajue. Tutakuwa tunaiangalia kila mwaka. Kama inafika milimita makumi mbili, ao inabadirika sura, ao inaanza kutoka damu, hapo tutaitoa. Kama inabaki vile, utazeeka nayo."

Mwanangu, neno lile lilinikera kuliko ugonjwa. Mimi ni fundi wa mizani. Mtu akiniletea mizani inayokosea gramu hamsini, siambii mizani hiyo kwamba tutaangaliana kila mwaka. Naifungua, natafuta kilipo kisa, nakitoa. Sasa huyu ananiambia kuna kitu ndani ya ukuta wa tumbo langu, anakiona, ana visu, na ushauri wake ni kwamba tukiache kilale.

Nilirudi nyumbani na siri. Nilimwambia mama yako peke yake, na kwako nikafunga mdomo. Hapo ndipo kosa langu la kwanza lilipo, na sijawahi kulisema kwa sauti. Unakumbuka tangu ukiwa mdogo ulikuwa unakuja hapa baada ya shule kupanga mawe ya mizani, kutoka lile la kilo tano mpaka lile la gramu hamsini, na ulikuwa unayajua kwa mkono, umefumba macho. Mwaka ule nilikufukuza. Nilisema umeshakuwa mkubwa, karakana si mahali pa msichana. Ulisimama mlangoni ukauliza umekosea nini. Hukuwa umekosea kitu, Masika. Wewe unaangalia sana, na mimi nilikuwa natembea na jambo la kuangaliwa. Nilikunyima mawe yako kwa sababu ya woga wangu, na naomba unisamehe.

Mwaka ulipotimia nikarudi hospitali. Nikameza kamera, nikaketi kwenye benchi kungoja karatasi. Unajua mambo yetu sisi Wanande: mtoto wa kiume wa tatu ni Kasereka, na hakuna nyumba isiyo na wa tatu. Ukiita Kasereka kwenye soko la Butembo, nusu ya wauza viazi watageuka. Mtu wa dirishani akaita, "Kasereka K." Watu wawili wakainua vichwa. Mimi nilikuwa karibu na dirisha, nikasimama, nikapokea, nikasoma palepale. Ukuta wa tumbo hauna kitu. Mwasho mdogo tu.

Nikasoma mara ya pili. Na sasa nitakwambia kitu ambacho mchungaji mwenyewe hakijui mpaka leo. Juu ya karatasi paliandikwa umri: miaka sitini na mitatu. Mimi nilikuwa na arobaini na tisa. Chini ya umri paliandikwa Bungulu, Beni. Niliyaona yote mawili, pale pale kwenye benchi, mchana kweupe. Nikajiambia, watu wa ofisi hawa, wanakosea kila siku. Nilitakiwa kuipeleka karatasi kwa daktari aifananishe na picha za mwaka wa kwanza. Dirishani wakasema daktari yuko chumba cha upasuaji, nirudi baada ya saa sita. Sikurudi. Mtu aliyepona anangoja nini?

Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda. Nilitoa na mbuzi. Nilisema mbele ya watu wote kwamba nilikuwa na uvimbe katika ukuta wa tumbo na Bwana ameufuta, hata kovu hakuacha. Watu walipiga vigelegele. Wewe ulikuwa kwenye kwaya, safu ya pili, na ndipo uliposikia kwa mara ya kwanza kwamba baba yako aliwahi kuumwa kitu kama hicho. Wengine wote walikuwa wananifurahia. Wewe ulikuwa unaniangalia kwa macho ya mtu anayehesabu mwaka mzima uliopita na kuupata na maana mpya. Niliyaona macho yale nikaangalia pengine.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwangu neno hilo halikunifaa, kwa sababu mimi sikuyaficha, niliyatangaza kwa kipaza sauti. Ila nilitangaza ya mtu mwingine.

Miezi kumi tulikula kwa amani. Kisha siku moja ulikuwa unatafuta kopi ya cheti chako cha shule kwenye sanduku la karatasi, ukaja nayo ile karatasi mkononi, umesimama palepale mlangoni nilipokufukuzia.

"Papa, uko na miaka soixante-trois?"

"Ni makosa ya mutu wa bureau."

"Na Bungulu? Hiyo pia ni makosa?"

"Rudisha mu sanduku. Batoto bakisoma kidogo banafikiri ni bao balijenga opitali."

Hukurudisha. Ulikuja ukaiweka kwenye mizani hii hii ninayoandikia, ukasema polepole, bila hasira: "Papa, unasemaka balansi yenye inaibia mwenyewe njo inaletwaka kwako. Yenye inamupa, haiwezi kuja." Kisha ukaenda zako kuteka maji.

Lile ni neno langu. Nimelisema hapa kwa kila mwanafunzi na kila mteja, huku nikicheka. Mizani inayokosea kwa hasara ya mwenyewe italetwa kwa fundi kesho asubuhi. Inayokosea kwa faida yake haitaletwa mpaka ioze. Nilikuwa nimelisema miaka ishirini juu ya wanunuzi wa kahawa, nikidhani ni habari ya wanunuzi wa kahawa.

Hata hivyo nilikaa wiki tatu. Nakuandikia hesabu hiyo ya wiki tatu ili usije ukadhani baba yako aliinuka siku ileile kama shujaa. Niliinuka siku ya ishirini na mbili, nikavaa koti, nikaenda dirishani. Walitafuta kwenye daftari lao, wakaitana. Siku ile walipima Kasereka K. wawili. Kasereka Kighoma, mimi. Na Kasereka Kisughu, mzee wa Bungulu, aliyekuwa ametoka nje kupata hewa wakati dirisha lilipoita. Aliporudi alipewa karatasi iliyobaki.

Nilipanda gari la Beni asubuhi ile ile. Njia nzima nilikuwa najaribu maneno mdomoni na yote yalikuwa mabaya. Bungulu nilimuuliza mama muuza makaa, na kwa bahati Kasereka Kisughu pale alikuwa mmoja tu, mwalimu wa kwaya wa Wakatoliki. Nilimkuta uani, amekaa juu ya kiti cha mbao, shati limekuwa kubwa kuliko yeye. Nikampa karatasi yake. Nikamwambia mimi ni nani.

Aliisoma kwa muda mrefu. Kisha akaingia ndani, akatoka na kitabu cha nyimbo, na katikati ya kitabu palikuwa na karatasi yangu imekunjwa mara nne. Milimita kumi. Miaka arobaini na tisa. Kimemi, Butembo.

"Nilionaka ile miaka," akasema. "Nilisema, bon, opitali imenipa ujana na ugonjwa siku moja."

"Na hukuuliza?"

"Na weye uliuliza?"

Akaniambia aliyoyafanya katika ile miezi kumi. Aliacha kwaya, kwa sababu alidhani kuimba kunasukuma kile kitu kikue. Aligawa shamba lake la kakao kwa wanawe kabla ya wakati. Alikunywa majani machungu kila asubuhi mpaka tumbo lililokuwa zima likaanza kuuma kweli. Alikuwa hajarudi kumwona daktari, kwa kuwa aliogopa kuambiwa kimekua. Hakuwa akiyasema hayo kwa kunilaumu, alikuwa anahesabu tu kwa vidole. Kisha akaacha kuhesabu, akaniangalia, na hapo ndipo hasira ilipomfika.

"Miezi kumi, Kasereka. Kitu yako njo nilikuwa nabeba. Chukua kitu yako."

Akanisukumia karatasi kifuani. Nilitaka ardhi inimeze. Nilisimama pale kwenye ua wa watu, mtu mzima, nikalia. Mke wake alitoka jikoni akadhani kuna msiba. Mzee akamwambia kwa Kinande kwamba hakuna aliyekufa, hata yeye mwenyewe amegundua sasa hivi kwamba hafi, na aniletee chai. Nilikunywa chai ile yote. Nilipoaga, nilimwambia wasingya, asante ya kwetu, akacheka kwa mara ya kwanza, akasema siku nyingine nikiitwa dirishani ningoje mpaka waseme na jina la baba yangu.

Nimeliwaza sana jambo hili, Masika. Yeye na mimi tuliona kosa lilelile, siku ileile. Mimi nilinyamaza kwa furaha na yeye alinyamaza kwa woga, na ukinyamaza, hospitali haiwezi kujua ni kwa sababu gani. Nilidhani woga peke yake ndio unaofumba macho ya watu. Furaha ni mbaya zaidi, kwa sababu inakuja na mbuzi na vigelegele.

Mbuzi ndiye aliyenipa kazi. Mchungaji nilipomweleza alikuna kichwa akasema, "Kaka, acha tu. Imani ya batu iko laini." Nikaacha Jumapili ya kwanza. Nikaacha ya pili. Ya tatu wewe hukuketi kwenye kwaya. Ulikuja ukaketi kando yangu kwenye benchi la wanaume, watu wakageuka. Wimbo wa pili ulipokwisha ukiwa bado umekaa pale, nikasimama. Nikasema ushuhuda nilioutoa ulikuwa na karatasi ya mtu mwingine, kwamba uvimbe wangu bado uko, na kwamba nilikuwa nimeona makosa nikanyamaza. Hapana, niseme kweli: hilo la mwisho nililimeza. Nilisema nimeona makosa. Sikusema niliyaona lini. Ndiyo maana nimekwambia mchungaji hajui, na wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Nikaketi. Kisha bibi kizee mmoja wa mbele akageuka akauliza, "Na ule mbuzi tulishamukula, tutamurudisha namna gani?" Hata mchungaji alicheka. Sijawahi kuketi mwepesi vile.

Tangu siku ile ukawa mtu wangu wa uchunguzi. Ulinunua cahier, daftari la shule lenye jalada la bluu, ukachora mistari kwa rula. Kila mwaka ulikuja nami, na kabla hatujasoma jibu ulikuwa unanisomea sehemu ya juu ya karatasi kwa sauti, watu wa benchi wakitushangaa. Jina lote. Umri. Commune, mahali ninapokaa. "Ni weye?" "Ni miye." Ndipo tunashuka kwenye milimita. Tisa, kumi, kumi, kumi na moja, kumi na moja. Ulipoogopa ile moja iliyoongezeka, daktari alikwambia moja inaweza kuwa ya mkono wake yeye, na mimi nikafurahi kusikia hata mizani yao ina mchezo wake kidogo. Nilikurudishia na mawe. Mwanzoni uliyapanga kwa dharau, ukijifanya hukuyakosa.

Na hapa ndipo nina neno la kukwambia, kwa upole, kwa kuwa na wewe una kosa lako. Umeanza kunichunga. Nikikohoa unainua kichwa. Nikibakiza chakula unaangalia sahani. Mwaka huu ulianza kuniuliza habari za tumbo kila Jumatatu, na sasa unataka chuo kikungoje ili usimame kando yangu kwenye benchi. Unadhani ukiangalia sana hakitakua. Mimi nilidhani nisipoangalia hakitakua. Tumekosea wote wawili, kila mtu upande wake.

Miaka hii yote imenifundisha hivi. Kivimbe kinaangaliwa siku yake. Siku hiyo unakwenda, hata mvua inyeshe, unasoma jina lote, unafananisha na picha za zamani, unauliza mpaka umeelewa. Siku hiyo ikipita unakunja karatasi na kurudi kazini, na siku nyingine zote za mwaka ni zako, za kuishi, za kula pilipili. Yule mama mrefu alinieleza hivi mwaka wa kwanza na nilimdharau. Nilidhani anakiacha kwa uvivu. Sasa najua kuacha kitu kilale huku unajua siku ya kukitazama ni ufundi, na ni mgumu kuliko kutoa.

Haya. Umesoma, hukuruka. Au umeruka na umerudi, ni mamoja.

Milimita kumi na tatu.

Kimeongezeka mbili. Daktari alipima mara tatu, akaweka picha za miaka yote kwenye kioo moja kando ya nyingine. "Moja ningesema ni mukono yangu," akasema. "Mbili, nataka kuhakikisha. Mais angalia mwenyewe, Papa: pembeni iko laini, hakuna kidonda, hakuna damu, na makumi mbili iko bado mbali. Utarudi kisha miezi sita, haiko mwaka. Na kama unaweza, upite Kampala, kule kuko mashini yenye inaonaka ndani ya ukuta yenyewe." Nikamuuliza kama kikiendelea, itakuwaje. Akasema kitatolewa kikiwa bado kidogo, na ndiyo kazi ya kuangalia kila mwaka, kwamba kisije kikatukuta tumelala. Nikamuuliza kama anaogopa. Akasema hapana. Ninamwamini, kwa sababu mtu yule hajawahi kunipa neno tamu la bure.

Na mimi siogopi, Masika. Nimejitazama ndani kutafuta ule woga wa mwaka wa kwanza na sikuuona. Kuna kitu kidogo kinachofanana nao, sitakuficha, hasa asubuhi. Lakini nimekaa na mizani maisha yangu yote na najua tofauti ya kupita alama na kuielekea. Hiki kinaelekea, na tumekiona kikielekea. Kasereka wa mwaka ule wa mbuzi asingekiona mpaka kimefika.

Mama yako anajua tangu Jumatano jioni. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza ni miezi sita kutoka lini, akaenda kufunga mfuko wako kwa mara ya kwanza.

Usiulize nani ataketi nami kwenye benchi. Alhamisi nilimpigia simu mzee wa Bungulu. Siku hizi amerudi kwenye kwaya, na tumbo lake, alipoacha yale majani, lilipona lenyewe. Nilitaka kumsimulia tu. Alinikatiza. "Siku ya contrôle ya tumbo nitapanda gari asubuhi," akasema. "Tutaenda Bakasereka babili, na safari hii kila mutu atatoka na tumbo yake." Nilimwambia wewe ndiye unayesoma jina. Akasema yeye amefundisha kwaya miaka thelathini, atalisoma kwa sauti mpaka dirishani wajute.

Ningeweza kukutumia habari hizi ukiwa umeshafika Kisangani. Mama yako alinishauri hivyo, kwa huruma. Nilikataa. Ningekuwa nimekupa safari yenye karatasi ya mtu mwingine, na ungeifurahia miezi kadhaa, kisha siku moja ungekuta umri haulingani. Ninataka uondoke ukijua. Ukibaki, nitajua nilikwambia kweli na ukachagua, na sitakulaumu. Lakini nakuomba uende. Nimekulea miaka ishirini si ili uwe mlinzi wa ukuta mmoja wa tumbo. Kule mtakuwa mnapima miti, umeniambia, mnaizungushia kamba mwaka hadi mwaka mnaandika imenenepa kiasi gani. Nilicheka uliponieleza. Nilijiona nimekuachia ufundi bila kujua.

Barua hii nitaiacha juu ya mfuko wako, na juu yake cahier ya bluu, na ndani ya cahier karatasi ya Jumatano. Mstari wa mwaka huu sijauandika. Nilishika kalamu nikairudisha, kwa sababu mwandiko wa mle ndani ni wako. Ukirudi na nywele zako mpya, kaa kitandani, ufanye kama tunavyofanya. Soma jina lote: Kasereka Kighoma. Soma umri: hamsini na tatu. Soma commune: Kimemi.

Ni miye, mwanangu.

Sasa andika kumi na tatu, acha cahier mezani, na ulale. Gari la Beni, la kukufikisha kwenye ndege, linaondoka saa kumi na mbili asubuhi, nami nitakubebea mfuko.

Baba yako